Tiketi ya ndege ikiandikwa 00:35, uwanjani unakwenda siku iliyotangulia!

Mkuu, weka kilomita pembeni kwanza. Umeuliza Dar hadi New York ni umbali gani, masaa mangapi, mzigo kilo ngapi na koti la baridi ununue wapi. Lakini katikati ya maelezo umeandika kwamba ndege ni tarehe 14 saa 00:35, nawe utapanda treni ya SGR Dodoma tarehe 14 asubuhi ili "nifike mapema nipumzike". Ndugu yangu, ukishuka stesheni Dar, ndege yako itakuwa imeshatua Doha, unakobadilishia ndege!

00:35 ni saa sita na dakika 35 usiku. Tarehe 14 inakuwa na dakika 35 tu tangu ianze. Ndiyo ule redio inaouita usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatakiwa uwe JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, tarehe 13, saa tatu na nusu usiku.

Mimi yalinikuta. Mdogo wangu alikuwa anaoa huko huko Marekani. Wakala aliyenikatia tiketi akaniambia kwenye simu, "Mzee, unaondoka tarehe 9 usiku." Nikamwamini. Tarehe 9, saa tatu usiku, nimesimama kaunta na sanduku nililolifunga kwa kamba ya manila, ndani khanga za bibi harusi. Binti akatazama pasipoti, akatazama kompyuta, akasema taratibu, "Baba, ndege yako imeondoka jana usiku." Nikamwomba asome tena. Akasoma tena.

Nikajipa moyo kwamba nimepoteza kwenda tu, kurudi kupo. Kumbe usipotokea safari ya kwanza, mashirika mengi yanafuta na zote zinazofuata, kurudi kukiwemo. Nikanunua tiketi nzima upya, kwa bei ya dakika za mwisho. Pesa ile nilikuwa nimeiweka ya kupaua nyumba. Nikafika harusi imepita siku mbili, khanga nikamkabidhi shemeji mlangoni, anatoka kwenda kazini.

Nilipomrudia wakala akanijibu, "Si imeandikwa tarehe 9, mzee?" Hadi leo nikikumbuka jibu lile damu inachemka. Mtu anauza tiketi kila siku, anajua fika kwamba sisi usiku wa manane tunauhesabu kwenye siku iliyopita, anashindwaje kutamka neno moja tu, "kuamkia"?

Haya, masaa. Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 12,400, ila kwa kupitia Doha unaanza kwa kuelekea kaskazini mashariki, kwa hiyo utaruka kama 14,600. Karibu masaa sita hadi Doha, kama 14 hadi New York, na kusubiri katikati. New York wako nyuma yetu masaa saba au manane kulingana na majira.

Sasa funga huu uzi, ukabadilishe tiketi ya treni iwe tarehe 13 asubuhi. Ukimaliza rudi hapa uandike umebadilisha, nitakuwa naangalia.