Maswali yenu: farasi wa Omdurman

*Churchill ndiye aliyewaongoza wapanda farasi pale Omdurman, sivyo?* (Msomaji, Morogoro)

Sivyo, na nimeshalijibu hili mara tatu. Katika vita hiyo ya Sudan, jeshi la Waingereza dhidi ya wafuasi wa Mahdi, alikuwa luteni kijana mwenye kikundi kidogo tu. Mkuu wa Rejimenti ya 21 ya wapanda farasi wa mikuki alikuwa Luteni Kanali Rowland Martin.

*Ilikuwaje watu wa mikuki wakashinda mwaka 1898, zama za bunduki?* (Msomaji, Mombasa)

Mkuki haukushinda kitu. Asubuhi ya Septemba 2 waliona mstari wa watu mia chache, nao wapatao 400 wakatimua farasi. Walipokaribia ndipo wakaliona korongo, na ndani yake Ansari, yaani wapiganaji hao wa Mahdi, kama 2,500, bega kwa bega. Kurudi nyuma hakukuwezekana tena. Walipenya kwa muda wa dakika mbili hivi, wakatokea ng'ambo wakiwa wamepoteza watu 21, na farasi 119 wameuawa au kujeruhiwa. Hapo sasa Martin akafanya alilopaswa kulifanya mwanzo: akawashusha askari, wakapiga bunduki zao fupi kutoka ubavuni, na korongo likawa tupu. Rejimenti ile haikuwa na vita ya kujivunia, na kiu ya sifa ni mshauri hatari. Walitunukiwa nishani tatu za Victoria Cross. Waliorudi kuwaokoa wenzao nawavulia kofia. Amri yenyewe siisifu.

*Madervishi walikufa wangapi?* (Msomaji, Dodoma)

Tafadhali, hilo ni jina la adui zao. Wenyewe walijiita Ansari. Siku ile walikufa 10,000 hivi, karibu wote kwa mizinga, bunduki na bombomu za Maxim, kabla hawajaufikia mstari wa Kitchener, jemadari wa jeshi la Waingereza. Upande wake waliouawa hawakufika 50. Ukikuta simulizi ya Omdurman imejaa farasi na mikuki mitupu, jihadhari nayo: maelfu hao wamerukwa.

*Hayo ndiyo mashambulizi ya mwisho ya farasi?* (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Soma habari za shambulio la farasi la Beersheba, Palestina, Oktoba 31, 1917.

*Mbona vikosi vya namna hiyo havikutamba huku kwetu?* (Msomaji, Singida)

Mbung'o. Mwaka 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, walifika Kondoa Irangi, lakini farasi wao walikuwa wameanguka njiani kwa mamia, kwa maradhi na uchovu. Waliobaki wengi wakaendelea na vita kwa miguu.