Dada, sauti ikipasuka juu usiisukume: mazoezi yangu ya sauti ya kuchanganya

Kuna sehemu kwenye sauti ya mwanamke ambapo wimbo humtoroka. Kwa wengi wetu inaanzia ile A ya 440, A ya kwanza juu ya C ya katikati ya kinanda, mpaka D inayofuata. Chini ya hapo tunaimba kwa sauti ya kifua, nzito, ile ile ya kuongelea. Juu yake kuna sauti ya kichwa, nyembamba na laini. Hapo katikati ndipo sauti inapasuka, au inafifia ghafla hata maiki haiipati, au mtu anaamua kupiga kelele ili mradi apite. Naimba na kuwafundisha kina dada wa kwaya, na sijaona kitu kinachowakatisha tamaa kama hiki. Wapo waliohamishiwa alto kwa sababu hii tu, wakaamini kwamba hawakujaliwa sauti ya juu. Wengi wanayo kabisa.

Kinachovusha hapo ni sauti ya kuchanganya. Kooni tuna nyuzi mbili za sauti. Kuna msuli unaozinenepesha, ndio unaotawala tukiwa tunaongea, na kuna mwingine unaozivuta zikawa ndefu na nyembamba, ndio unaopandisha noti. Ukipanda huku umeng'ang'ania unene wa chini, utahitaji pumzi nyingi zaidi kila noti, mpaka ule msuli wa kwanza uachie kwa mpigo. Mpasuko unaousikia ni huo. Kuchanganya maana yake ni kuuzoesha upunguze taratibu wakati mwenzake anaongeza. Ndiyo maana ushauri wa "toa sauti, tumia tumbo!" peke yake haumsaidii dada aliyekwama kwenye B. Pumzi anayo tele. Anachohitaji ni wepesi.

Mimi naanza na mrija. Weka maji kidogo kwenye glasi, chovya mrija, imba "u" ndani yake huku mapovu yakitoka, panda na kushuka bila kukazana. Dakika chache zinatosha. Mapovu yakikatika, pumzi imekatika. Yakifoka hadi maji yakamwagika, unasukuma mno. Wasio na mrija watetemeshe midomo, "brrr", kazi ni ile ile.

Kisha nenda kwenye ng'. Tamka "ng'ombe" lakini ubaki kwenye ng', nyuma ya ulimi ikiwa imegusa juu, taya limelegea. Anzia juu, kwenye sauti ya kichwa, kwa sauti ndogo, halafu teremka polepole kupita pale pabaya mpaka chini. Nasisitiza kuanzia juu. Anayeanzia chini hupanda na uzito wake wote. Anayeanzia juu hushuka na wepesi, na daraja analivuka kabla hajaliogopa. Utasikia mkwaruzo mahali fulani. Usiufiche kwa kuongeza nguvu. Punguza sauti, rudia palepale, mpaka mkwaruzo ulainike.

Ng' ikikaa sawa, nenda "nye": so-fa-mi-re-do, nye-nye-nye-nye-nye, kwa ukali wa mtoto anayedeka. Ndiyo, inaudhi masikio, na wanafunzi wangu huona haya mwanzoni. Ukali ule husaidia nyuzi zikutane vizuri bila wewe kubana koo. Panda nusu noti kila mara. Ukiona kidevu kinanyanyuka au mishipa ya shingo inatokeza, umeshafika mwisho wako wa leo, rudi chini. Na ili ujue sauti haijakimbilia puani, shikilia ile "e" ya mwisho kisha ubane pua kwa vidole. Sauti isibadilike. Ikibadilika, hewa inapita puani.

Baada ya hapo ndipo ninapowaambia wapige hodi. Hodi ya kweli, ya mtu aliyesimama nje ya uzio anayetaka asikike hadi jikoni: "Hodiii!" Mwanamke akiita hivyo hapigi kelele wala hanong'oni; sauti inakuwa na mwili lakini ni nyepesi. Wengi wetu tumekuwa tukichanganya sauti miaka yote pale uani bila kujua. Itia hodi kwenye A, kisha kwenye B, kisha uweke mstari wa wimbo wako mahali pa hodi.

Kwenye maneno ndiko kazi kubwa iliko, na hili halizungumzwi vya kutosha. Maneno yetu yamejaa "a", na "a" ya juu humvuta mtu afungue mdomo wote na kuburuta kifua hadi huko. Ukifika kwenye "Bwana" juu ya C, ielekeze "a" kidogo upande wa "o", mdomo uwe wa mviringo, na anayekusikiliza bado atasikia "Bwana". "I" nayo hubana, basi ipe nafasi kuelekea "e". Jaribu mstari mmoja tu kwa njia hii kabla ya kugusa wimbo mzima.

Usikitupe kifua, tafadhali. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyepewa mwaka 2005 tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, alipendwa duniani kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, na hakuna mtu angemtaka ailainishe. Sauti ya kuchanganya ni ya pale wimbo unapokuhitaji juu.

Siku ya kuimba, mwombe mpiga kinanda ashushe ki, yaani wimbo wote uanzie chini kidogo, wakati bado unajifunza, hakuna aibu. Omba pia spika ya kujisikia iwe karibu nawe, kwa sababu asiyejisikia juu ya ngoma husukuma tu, hata awe amefanya mazoezi vipi. Kunywa maji mapema. Tangawizi na asali vinafariji koo, ila havifiki kwenye nyuzi za sauti, kwa kuwa tunachomeza hupita njia nyingine.

Siku chache kabla ya hedhi nyuzi huweza kuvimba kidogo na noti za juu zikagoma. Siku hizo imba chini, fanya ya mrija tu. Na usifanye zoezi lolote kati ya haya asubuhi baada ya mkesha. Wanawake tunapata vinundu vya kooni kuliko wanaume, kwa hiyo ukikaa na sauti iliyokauka zaidi ya wiki 3, au ukisikia maumivu wakati wa kuimba, acha mazoezi na umwone daktari wa masikio, pua na koo.