Vijana wa ugani, ulizeni kwanza mtu analala wapi

Nimemaliza kusoma ripoti za vijana wa ugani, wanaojifunza kwa vitendo kuwashauri wakulima, na pendekezo ni lile lile la kila msimu: "Mashamba yametawanyika mno, wakulima waunganishe vipande vyao." Limeandikwa kwa watu wa milimani, likaandikwa kwa watu wa bondeni, neno kwa neno. Nawapenda, wadogo zangu, kwa hiyo sizunguki: hamkutembea.

1. Kabla hujatoa dodoso kwenye begi, fuatana na mwenye shamba kutoka mlangoni kwake hadi kipande chake cha mwisho. Kilimanjaro, kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimeizunguka nyumba: migomba, kahawa chini yake, magimbi, na ng'ombe zizini anayekatiwa majani. Samadi yake inaishia hapo hapo migombani. Mahindi yako tambarare, mbali huko chini kwenye joto na mvua haba, na mabua yake hupandishwa kumlisha ng'ombe yule yule. Mahindi yakikauka, ndizi zipo. Vipande hivyo vinasaidiana kwa sababu haviko pamoja. Utaviunganishaje?

2. Muulize na mama mwenye nyumba. Kuna vipande vya mboga ambavyo baba havihesabu kabisa.

3. Someni habari za Rufiji, tena msome polepole. Watu wa bondeni waliishi karibu na mashamba yao. Walipanda mpunga, mafuriko yakaja na tope lenye rutuba, na maji yalipopungua wakapanda mahindi na pamba kwenye unyevu uliobaki, kilimo wanachokiita mlau. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Serikali iliwahamishia kwenye miinuko ya kando ya bonde. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, kuepukana na maji. Lakini udongo wa huko juu ni wa kichanga. Nyumba zilihama, mpunga haukuhama. Basi msimu ukifika watu walirudi bondeni kukaa kwenye madungu, vibanda vya kulindia shamba, maana mpunga usiolindwa usiku ni wa nguruwe na viboko, na mchana ni wa ndege. Kaya moja ikawa na makazi mawili: mtoto kijijini kwa ajili ya shule, mama dunguni kwa ajili ya chakula.

Kisha, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi kwenye vijiji. Mamilioni walihama, wengine kwa nguvu. Kilimanjaro na Bukoba hazikuguswa sana kwa kuwa watu walikwishabanana kwenye migomba yao. Kwingine nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara. Shamba la karibu likalimwa kila mwaka bila kupumzishwa mpaka likachoka, na la mbali, ambako samadi ya kubebwa kichwani haifiki, likaachiwa nyani na nguruwe. Leo mnafika mahali kama hapo, mnaona ardhi iliyochoka nyuma ya nyumba, mnaandika "mkulima hana elimu ya rutuba." Sentensi hiyo inaniuma kila nikiikuta. Huyo mtu hakuchagua nyumba yake iwe hapo, na wakati mwingine hata baba yake hakuchagua.

4. Mbinga, ukikuta ngoro, yaani shamba la mashimo, kwenye mteremko, usishauri matuta ya kawaida. Yale mashimo, yenye nyasi zilizofukiwa kwenye kingo zake, yanashika maji na udongo mahali ambapo tuta lako lingeporomoka kwa mvua ya kwanza.

5. Trekta si jibu la kila swali. Waingereza walizileta Kongwa mwaka 1947 walime karanga, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umefutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mvua ilikuwa haba, na udongo ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, karanga hazichimbiki. Wagogo walikuwa hapo hapo na mifugo yao, wakiijua mvua ile vizuri.

6. Ripoti ijayo iwe na ramani ya kuchora kwa mkono: nyumba, zizi, maji, kila kipande, na dakika za kutembea kutoka mlangoni. Isipokuwepo, ukurasa wa mapendekezo siufungui, nakurudishia ukatembee.