Maswali ya Wasomaji: Njia za kufika maktaba ya SOAS, London

Barua nne za safari hii zinahusu mahali pamoja: maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika katika Chuo Kikuu cha London, kunakohifadhiwa hati za kale za Kiswahili, zikiwamo makusanyo ya wataalamu wa Kiswahili W. E. Taylor na William Hichens. Kabla ya kukata tiketi, angalieni tovuti yao. Hati nyingi za Kiswahili zimeshapigwa picha na zinasomwa bure mtandaoni, na huenda ile unayoitaka imo. Kama ni lazima uione kwa macho yako, omba nafasi ya chumba cha kusomea mapema, na uje na penseli. Kalamu ya wino haingii.

*Assalaam alaykum, mhariri. Nitashuka Heathrow asubuhi nikitokea Mombasa. Nimeambiwa nipande treni ya haraka hadi Paddington. Ndiyo njia bora? Mwanafunzi wa uzamili, Mombasa*

Wa alaykum salaam. Hiyo ya Paddington itakula pesa zako, kisha ikuache mbali na chuo. Panda njia ya Piccadilly ya treni za chini ya ardhi. Inaanzia hapo hapo uwanjani na inakufikisha Russell Square bila kubadilisha treni, kwa muda wa saa moja hivi. Kabla ya kupanda, hakikisha treni inaelekea mjini, si Terminal 5. Ukisikia kituo cha Holborn kikitajwa, simama na begi lako, maana kinachofuata ndicho chako.

Elizabeth line nayo inatoka Heathrow na ina kasi zaidi, lakini nauli yake ni zaidi ya maradufu, na ukishuka Tottenham Court Road bado una mwendo wa robo saa kwa miguu.

Ukifika Russell Square panda lifti. Ngazi za kuzunguka pale ni 175, na wageni wengi huzianza kwa kukwepa foleni ya lifti, kisha wakajuta katikati. Ukitoka nje, fuata Bernard Street hadi barabara kubwa ya Woburn Place, vuka penye taa, kisha ambaa na upande wa kaskazini wa bustani ya Russell Square hadi pembe ya kaskazini-magharibi. Hapo ndipo Thornhaugh Street. Jumba la Brunei Gallery linatazamana na mlango mkuu wa SOAS, na maktaba iko nyuma ya mlango huo mkuu, katika jengo la Philips.

Kuna kosa moja linalorudiwa sana. Mtu anamwambia dereva wa teksi “University of London library”, naye anapelekwa Senate House, ule mnara mrefu mweupe. Ni jirani kabisa na SOAS, lakini ni maktaba nyingine yenye utaratibu wake wa kuingia. British Library ni nyingine tena, iko Euston Road. Taja SOAS, Thornhaugh Street.

*Ndugu mhariri, naishi Milton Keynes na nina gari dogo la dizeli la mwaka 2012. Kwa nini nisiendeshe tu hadi mlangoni? Msomaji, Milton Keynes*

Kwa sababu utalipa mara tatu kabla hujafungua kitabu.

Kwanza ni tozo ya msongamano. Mpaka wake wa kaskazini ni Euston Road, na SOAS iko kusini ya barabara hiyo, ndani ya eneo. Tangu 2 Januari 2026 ni pauni 18 kwa siku. Inatozwa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni siku za kazi, na saa 6 mchana hadi saa 12 jioni Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Pili ni tozo ya hewa chafu, ULEZ, pauni 12.50, ambayo inahesabiwa mchana na usiku. Dizeli husamehewa ikiwa imefikia kiwango cha moshi cha Euro 6, yaani kwa kawaida magari yaliyosajiliwa kuanzia Septemba 2015. La kwako halimo. La petroli la umri huo huo lingepita, kwani petroli inatakiwa Euro 4 tu.

Hakuna kizuizi barabarani wala mtu wa kupokea pesa. Kamera zinasoma namba za gari, basi. Ndiyo maana wengi hudhani wamepita salama, hadi barua ifike nyumbani: pauni 180, au 90 ukilipa ndani ya siku 14, na kila tozo ina faini yake.

Tatu ni maegesho. SOAS haina ya wageni, na mitaa ya jirani ina nafasi nyingi za wakazi wenye vibali. Kuna maegesho ya chini ya ardhi Bloomsbury Square, ya kulipia.

Wengine huacha gari kituo cha Stanmore, wakapanda Jubilee hadi Green Park na kubadilisha kwenda Piccadilly. Ni njia nzuri kwa gari jipya. Kwa lako haisaidii sana, kwa kuwa tangu 29 Agosti 2023 ULEZ inafunika mitaa yote ya London, Stanmore ikiwamo. Panda treni hadi Euston. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika 12 hivi: vuka Euston Road, shuka Upper Woburn Place, pita Tavistock Square, na Russell Square iko mbele yako.

*Nilikatwa nauli kubwa kuliko kawaida mara mbili kwa safari moja. Kwa nini? Msomaji, Leicester*

Bila shaka uligusisha simu kwenye mashine ya kituo ulipoingia, ukatoka kwa kadi. Hata kama zote zinavuta akaunti moja ya benki, mashine inaona wasafiri wawili: mmoja hakutoka, mwingine hakuingia, na kila mmoja anatozwa nauli ya juu kabisa. Dai marejesho kwenye tovuti ya TfL, shirika la usafiri la London, usikawie. Kwenye basi gusisha mara moja tu unapopanda, wala usitoe noti. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu 2014.

*Magoti yangu hayataki ngazi. Mama, Birmingham*

Shikamoo, mama. Usishukie Russell Square, kwa kuwa hata ukitumia lifti kuna vidato kati yake na jukwaa. Ukishuka Euston, panda basi namba 68 au 91 hadi Russell Square. Yote yana ubao wa kupandia kiti cha magurudumu, na kiti karibu na dereva ni haki yako.