Shangazi wa Shamba: Yai la Kienyeji, Mbona Viza?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mie naoka mikate ya mayai nauza hapa Fuoni, wateja wangu wengi ni watu wa harusi na shughuli. Siku zote natumia mayai ya trei, ila juzi mteja kataka ya kienyeji matupu, ndo nikenda kwa bibi mmoja shamba nikanunua ndoo ndogo nzima. Nilipovunja, mengine yana mishipa ya damu, mengine yananuka mpaka jikoni hapakaliki, na bibi anaapa hayana hata wiki!! Jee kanidanganya? Na ntajuaje yai zuri kabla sijatoa pesa yangu?
Muoka mikate, Fuoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Bibi wa watu usimbebeshe dhambi bure, yumkini kasema kweli tupu. Yai la kuku anokaa na jogoo lina mbegu ndani, na mbegu ile haingoji kuku alalie, joto likipita digrii 27 hivi inaanza kujiumba yenyewe. Sasa fikiria kaskazi hii, mabati ya banda yashakuwa moto tangu saa tatu asubuhi, yai limelala kiotani siku nne, na kila siku anakuja koo mwengine anatagia palepale na kulipasha moto upya. Kinachoanza kukua kinatoa mishipa, kisha kinakufa kwa vile joto lenyewe halitulii, na baada ya hapo ndo unapata yai viza, yaani lililooza. Yai la trei halina mambo hayo kwa sababu kule bandani hamna jogoo, kwa hiyo hamna cha kukua. Najua wapo watakaonuna lakini mie nasema, yai la kienyeji lililookotwa ovyo ovyo halilifikii hata kidogo yai la kisasa la juzi.

Kwa hiyo ukenda kwa mwenye kuku usianze na bei, anza kuulizia jogoo. Kisha muulize anaokota mara ngapi. Kuku wengi wanataga asubuhi, basi mtu makini anaokota kabla ya adhuhuri na anapita tena jioni, mayai anayaweka ndani pahala pa kivuli, sio juu ya kabati karibu na jiko. Kama ni mtu wa karibu yako na utakuwa unanunua kwake kila wiki, mwambie awatenge makoo na jogoo kabisa, kutaga wanataga vilevile, hawamuhitaji. Ila umpe muda, kwa sababu kuku anaweza kuendelea kutoa mayai yenye mbegu hata wiki mbili tatu baada ya jogoo kuondoka.

Muulize pia kama kuku wametiwa dawa siku za karibuni. Dawa nyingi zimeandikwa kwenye paketi kuwa mayai yasiliwe siku kadhaa, na wauzaji wengi hawasomi au wanasoma wakajitia hawajaona. Na kama kuku wanakaa pwani wanashinda kwenye madago ya wavuvi na dagaa na matumbo ya samaki, nunua moja kwanza ulichemshe ulionje, usije ukaoka mkate wa harusi ukanuka shombo mbele za watu.

Rangi isikuhangaishe. Gamba la kahawia au jeupe ni ukoo wa kuku tu, na kiini cha njano iliyokoza ni majani na mahindi ya njano, hata kuku wa kisasa akilishwa hivo anakitoa. Udogo nao sio ushahidi, tembe wa kisasa anapoanza kutaga mayai yake ni madogo vilevile na wajanja wanayachanganya humohumo wakakuuzia kwa bei ya kienyeji.

Sasa kupima. Tia maji ya kawaida kwenye bakuli refu, yai bichi la siku hizi mbili tatu linalala chini kabisa, la siku nyingi linasimama wima, linaloelea liache hukohuko dukani. Sababu ni kuwa gamba lina vitundu, maji ya ndani yanapungua na hewa inaingia upande wa butu. Lakini maji hayakwambii kama mna mishipa, kwa hiyo ukifika nyumbani ingia chumbani, zima taa, washa tochi ya simu uiweke upande ule wa butu. Ukiona buibui mwekundu ushajua. Hata hivo kila yai livunje kwenye kikombe peke yake kabla hujalimimina kwenye bakuli la wenzake, na hili nakuomba ulifanye hata na ya trei. Doa moja dogo la damu pembeni ya kiini bila mishipa ni jengine, hilo ni kishipa kimepasuka ndani ya kuku mwenyewe, yai halijaoza. Upande wa dini kamuulize shekhe wako.

Jengine la mkate wako: yai la kienyeji ni kama gramu 40, la kisasa ni 55 mpaka 60, basi pale ulipokuwa unavunja 10 ya trei utahitaji 14 hivi. Umwambie mteja mapema, na bei umpigie kwa hesabu hiyo.

SWALI: Aunt, kuku wangu wako 12, wanataga kila pahala, migombani, chini ya kuni, na ninayoyaona kunguru keshayatoboa. Yaliyobaki magamba laini kama karatasi. Nifanyeje?
Baba watoto, Mfenesini

JIBU: Kunguru hao tushawazoea, walitiwa Unguja miaka ya 1890 ati waje kusafisha taka za mji, mpaka leo ndo sie tunaosafishwa. Kuku anatafuta kiza na utulivu, kwa hiyo mtengenezee: tenga au pakacha kuukuu, tia majani makavu, liweke ndani ya banda kwenye kona isiyopitwa, kiota kimoja kwa kuku wanne watano kinatosha. Wafungie mpaka saa tano asubuhi ndo uwafungulie, wengi watakuwa washataga. Na kila ukiokota acha yai moja ulilolitia alama ya mkaa, ukizoa yote anahama (alama usisahau, usije ukauza lililokaa mwezi).

Gamba laini ni chokaa hamna mwilini. Huku tumezungukwa na bahari, okota makombe na magamba ya chaza, yaponde yawe kama mchanga wa chengachenga uyaweke kwenye kifuu peke yake, kuku mwenyewe anajua ale kiasi gani. Magamba ya mayai nayo yanafaa, ila yakaange kwanza na uyasage kabisa, asije akayatambua akaanza kudonoa yake. Na ugonjwa wa mdondo (kideri) uchanjie, matone ya jicho kila miezi mitatu, maana ugonjwa huo ukiingia bandani hakuna tena habari ya mayai.

SWALI: Mimi nauza urojo hapa Wete. Mayai ninayochukua kwa jirani yangu nikichemsha hayabanduki, yanatoka na nyama yake, aibu. Ni mabovu?
Mama urojo

JIBU: Mazuri mno, ndo tabu yake, ute wa yai jipya sana unang'ang'ania ngozi ya ndani ya gamba. Ya jirani yaweke siku nne tano ndani ya friji ndo uchemshe, usiyaoshe mpaka siku ya kupika, likiwa na kinyesi lifute kwa kitambaa kikavu. Yatie kwenye maji yakishachemka, sio maji baridi, dakika 10, kisha yamwage kwenye maji ya barafu na uyabandue yakiwa humohumo majini.