Mteja akisema "nipe kitu kipya"

SWALI: Shikamoo Anti. Nina miezi miwili kwenye duka la vitabu, wateja wanaingia wanasema nipe kitu kipya kizuri, mi naishia kuwaonyesha vilivyo mezani pale mbele. Wengi hawarudi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Unaanza na kitabu wakati ungeanza na mtu. Muulize kitabu gani cha mwisho alikimaliza, sio alichonunua, maana kununua wote tunanunua (mi ninavyo vitatu kando ya kitanda vimejaa vumbi), halafu kilimshika wapi, wahusika au ile hamu ya kujua itakuwaje. Ukishajua hilo mpe riwaya mbili tu, asome ukurasa wa kwanza hapohapo amesimama na we nyamaza.

Vya mapishi ndo vina mtego, picha zinapendeza mno. Fungua pishi lolote la katikati usome vipimo, ukikuta "unga kiasi" na muda wa kukaa jikoni haujatajwa, usimpe anayejifunza, ataunguza.

Vya maarifa, kama afya au kompyuta, angalia ukurasa wa haki miliki kwanza, ule wenye mwaka wa kuchapwa. Jalada linaweza kuwa jipya na yaliyomo ya zamani. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, ikiwa ya tarakimu 10 peke yake, nakala hiyo karibu hakika ilichapwa kabla ya 2007, maana mwaka huo ndo zikawa 13. Kwa historia sio neno, kwa kompyuta mwambie ukweli.

Na kama hujakisoma sema hujakisoma, usijifanye.