Ctrl+D au F2? Kwa anayekariri njia za mkato za VS Code na bado anashika kipanya

Mkuu, umesema umekariri orodha nzima ya njia za mkato za VS Code, programu ya kuandikia msimbo, na bado kazi haiendi haraka. Orodha yenyewe ndiyo inayokuchelewesha. Chagua kazi moja unayoirudia kila siku, shika vitufe vyake tu, vidole vikizoea ndipo uongeze nyingine. Mimi ningeanza na kubadilisha jina linalojitokeza mahali pengi. Vitufe ninavyotaja ni vya Windows.

Tuseme faili lina mistari hii:

let jina = "Asha";
let jinaKamili = jina + " Juma";

Weka kishale (cursor) ndani ya neno jina bila kuchagua herufi yoyote, bonyeza Ctrl+D. Neno zima linachaguliwa. Bonyeza tena: kishale cha pili kinatua kwenye jina lililo baada ya alama ya sawasawa, na jinaKamili inarukwa. Ukianza bila kuchagua kitu, VS Code hutafuta neno kamili lenye herufi kubwa na ndogo zilezile. Lakini ukilichagua kwanza kwa kipanya, hata kwa kubofya mara mbili, inatafuta herufi hizo popote zilipo, na jinaKamili nayo inaingia mkumboni. Ukiona Ctrl+D imevuruga majina mengine, kagua hapo kwanza. Ukipitiliza, Ctrl+U inarudi hatua moja. Kuruka neno usilolitaka, Ctrl+K halafu Ctrl+D.

Ila Ctrl+D inaona herufi tu, haijui maana yake. Kama unabadilisha jina la kigeu (variable) au fankisheni (function) inayotumika kwenye mafaili kadhaa, tumia F2. Hiyo inafuata kigeu chenyewe: jina lililo ndani ya fankisheni nyingine isiyohusika linabaki salama. JavaScript na TypeScript zinafanya hivi bila kuongeza kitu. Python inahitaji kiendelezi chake (extension ya kuongeza kwenye VS Code). Angalizo: F2 haigusi maandishi yaliyo ndani ya alama za nukuu, kwa hiyo jina la safu ya jedwali ulilolitaja kwenye SQL, lugha ya hifadhidata, litabaki la zamani, na kama safu yenyewe umeibadilisha jina programu itagoma. Baada ya F2, tafuta jina la zamani kwa Ctrl+Shift+F.

Kuhama kati ya mafaili: Ctrl+P na herufi chache za jina la faili. Ukianza na :120 unakwenda mstari wa 120, ukianza na @ unapata fankisheni za faili ulilomo. Acha kabisa kushuka na folda upande wa kushoto.

Kwa msimbo unaoandika upya kila mara, tengeneza kijisehemu (snippet) chako: Ctrl+Shift+P, andika snippets, chagua lugha. Kwenye "prefix" weka kifupisho, kwenye "body" weka msimbo, $1 iwe mahali pa kwanza kishale kitakaposimama na $0 pa mwisho. Wa PHP mnaumia sana hapa: ukiandika $jina, alama ya dola inatoweka kwa sababu VS Code inadhani ni kigeu chake. Andika \\$jina, mikwaju miwili. Na kama Tab haikubali kukipanua, weka "editor.tabCompletion": "onlySnippets" kwenye mipangilio.

Mwisho, Ctrl+Alt+mshale wa juu au chini huongeza vishale mstari kwa mstari. Kwenye kompyuta zenye programu za zamani za Intel za kuendesha skrini, vitufe hivyohivyo huzungusha skrini nzima: mshale wa chini huigeuza kichwa chini, wa juu huirudisha. Hapo VS Code haina kosa: zima vitufe hivyo kwenye mipangilio ya Intel, au fungua Ctrl+K Ctrl+S na uipe amri hiyo vitufe vingine.